Habari za Galawdewos, Mfalme wa Uhabeshi

Tumezoea kusikia habari za mashujaa wa imani waliokuwa Ulaya, hata tukasahau kwamba bara letu la Afrika nalo lina watu wake wa kale waliolijua jina la Kristo kabla mataifa mengi ya Ulaya hayajalisikia. Uhabeshi, yaani nchi iitwayo leo Ethiopia, ilipokea Ukristo katika karne ya nne, zamani za mfalme Ezana wa Aksum, kwa kazi ya Frumentius, aliyefika huko akiwa kijana kisha akawa askofu wa kwanza wa nchi ile.

Mwezi huu napenda kuwasimulia maisha ya mfalme mmoja wa Uhabeshi, jina lake Galawdewos. Alishika ufalme mwaka 1540, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Baba yake alikuwa amekufa mkimbizi, ndugu yake alikuwa mateka, na makanisa makubwa ya nchi yake yalikuwa majivu. Lakini habari zake si za vita tu. Ndani yake limo swali ambalo kila mzee wa kanisa na kila mwalimu hukutana nalo siku moja: mtu awatendee nini wale waliomdhulumu, na wale walioikana imani wakati wa hofu, siku ile nguvu zitakaporudi mkononi mwake?

1. Nchi mbili jirani

Uhabeshi ni nchi ya milima mirefu na mabonde yenye kina. Wafalme wake Wakristo walikaa juu milimani. Upande wa mashariki nchi hushuka mpaka kwenye nyanda za joto na pwani, na huko zilikuwako falme za Waislamu, kwanza Ifat, na baadaye Adal, ambao bandari yao ilikuwa Zeila. Tangu mwaka 1520 mji mkuu wa Adal ulikuwa Harar.

Msomaji asidhani kwamba dini hizi mbili zilianza kwa uadui katika nchi ile. Wafuasi wa kwanza wa Muhammad walipoteswa Makka, yapata mwaka 615, baadhi yao walivuka bahari wakakimbilia kwa mfalme Mkristo wa Aksum, naye akawapokea wala hakuwatoa kwa adui zao. Jambo hili Waislamu hulikumbuka mpaka leo.

Lakini zamani za baadaye mambo yaligeuka. Barabara ya biashara ilipanda kutoka Zeila mpaka milimani, na kwa barabara hiyo zilipita dhahabu, pembe, chumvi, nguo na watumwa. Aliyeishika barabara alishika utajiri. Mfalme Amda Seyon, aliyetawala tangu 1314 hata 1344, aliishinda Ifat akawatoza watu wake kodi. Mwaka 1445 mfalme Zara Yaqob alimwua Badlay, sultani wa Adal, vitani. Upande wa pili nao haukukaa kimya. Emir Mahfuz wa Zeila kwa miaka mingi alikuwa akipanda kuteka nyara wakati wa Kwaresima, maana alijua ya kuwa Wakristo wa Uhabeshi hufunga kwa ukali sana, na askari mwenye njaa ya majuma mengi hana nguvu. Aliwachukua watu wengi, akawauza ng'ambo ya bahari.

Hivyo kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kuonyesha, na kila upande uliwafundisha watoto wake kuhesabu makosa ya jirani. Katika nyumba ya hesabu hizo ndipo alipozaliwa Galawdewos, yapata mwaka 1522.

2. Baba yake

Baba yake ni Lebna Dengel, aliyerithi ufalme mwaka 1508 akiwa mtoto. Mama yake ni Sabla Wangel, mwanamke mwenye moyo mkuu, ambaye tutamwona tena. Siku za utoto wa Lebna Dengel nchi iliangaliwa na malkia mzee Eleni, binti wa mtawala wa Hadiya, nchi ya Waislamu, aliyekuwa ameolewa katika nyumba ya kifalme na kuingia Ukristo. Eleni alijua pande zote mbili. Aliona kwamba Waturuki wanapata nguvu katika Bahari ya Shamu, akatuma mjumbe mpaka Ureno kutafuta urafiki.

Lakini baadaye Lebna Dengel alimshinda Mahfuz, na Mahfuz akauawa. Mfalme alikuwa kijana, na ushindi ulimlewesha. Wajumbe wa Ureno walipofika mwaka 1520, na pamoja nao padre Francisco Alvares, aliyeandika kitabu juu ya safari ile, waliona hema za kifalme zisizohesabika na utajiri mwingi, wala hawakuona mfalme mwenye haraka ya kutafuta msaada. Walikaa miaka sita, wakarudi. Eleni alikuwa amekwisha kufa.

Wakati ule ule huko Harar aliinuka mtu mwingine, Ahmad bin Ibrahim, aliyeitwa Imam na watu wake. Wahabeshi humwita Gragn, maana yake mtu wa shoto. Mkewe alikuwa Bati Del Wambara, binti wa yule Mahfuz aliyeuawa. Imam Ahmad alikuwa jemadari hodari, mwenye kupendwa na askari wake, naye aliwaunganisha Wasomali na watu wa Harar waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Mwezi wa Machi 1529, mahali paitwapo Shimbra Kure, alikutana na jeshi la Lebna Dengel lililokuwa kubwa kuliko lake mara nyingi, akalishinda.

Tangu mwaka 1531 hakurudi nyuma tena. Nyumba ya watawa ya Debre Libanos ilichomwa. Kanisa la Mekane Selassie, lililojengwa kwa miaka mingi na kupambwa kwa dhahabu, lilichomwa. Mwaka 1535 jeshi lilifika Aksum, mji wa kale ambao wafalme walitawazwa, na kanisa lake la Maryam Seyon likaharibiwa. Vitabu vya ngozi vilivyonakiliwa kwa mkono katika miaka mia nyingi viliteketea. Na watu walio wengi, walipowekwa kati ya upanga na kukana imani, walikana. Wako waliokufa mashahidi, lakini wengi walisema maneno waliyotakiwa kuyasema, wakaishi.

Lebna Dengel hakukana, wala hakujitoa mikononi mwa adui. Alihama mlima kwa mlima, leo yuko hapa, kesho yuko kule, na wafuasi wake wakipungua. Mwana wake wa kwanza, Fiqtor, aliuawa mwaka 1537. Mwana wake mwingine, Menas, alikamatwa mwaka 1539, na baadaye akapelekwa Yemen kwa pasha wa Waturuki. Kisha mwezi wa Septemba 1540 mfalme mwenyewe akafa juu ya mlima wa Debre Damo, ambao pande zake zote ni kama ukuta, na mtu hawezi kupanda ila kwa kamba. Mfalme aliyekuwa na hema zisizohesabika alikufa juu ya jabali moja.

3. Kijana apokea ufalme

Ndivyo Galawdewos alivyopokea taji. Mama yake alibaki Debre Damo, kaskazini. Yeye mwenyewe alikuwa na watu wachache, akakaa mbali kusini, upande wa Shewa, akijificha na kupigana kadiri alivyoweza. Kati ya mama na mwana ilikuwako nchi yote, nayo ilikuwa mkononi mwa adui.

Lakini Lebna Dengel, katika dhiki yake, alikuwa amemtuma mtu aitwaye João Bermudes kwenda Ureno kuomba msaada. Maombi yalichelewa, lakini hayakupotea. Mwezi wa Februari 1541 merikebu za Wareno zilitia nanga Massawa. Jemadari wake alikuwa Estêvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama, yule ambaye sisi wa upande huu wa Afrika tunalijua jina lake, kwa kuwa alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Estêvão alimtoa ndugu yake mdogo, Cristóvão da Gama, pamoja na askari mia nne wenye bunduki, waende bara kumsaidia mfalme.

Sabla Wangel aliposikia, alishuka kutoka Debre Damo kwa kamba, akafuatana na jeshi lile. Aliwauguza majeruhi yeye pamoja na wanawake wake, wakipasua nguo zao kufanya vitambaa vya kufungia vidonda. Mwezi wa Aprili 1542 Wareno na Wahabeshi walipigana na Imam mara mbili, wakamshinda mara zote mbili, naye akajeruhiwa.

Basi Imam akapeleka habari kwa Waturuki ng'ambo ya bahari, nao wakamletea askari mamia wenye bunduki, na mizinga. Tarehe 28 Agosti 1542, huko Wofla, alilivunja jeshi la Cristóvão da Gama. Karibu nusu ya Wareno walikufa. Cristóvão alikamatwa amejeruhiwa, akateswa, akatakiwa kuikana imani yake, naye akakataa. Imam akamkata kichwa.

Ilionekana kwamba yote yamekwisha. Na Imam naye alidhani hivyo, kwa maana aliwarudisha Waturuki walio wengi, akabakiza mia mbili tu. Ushindi uliomlewesha Lebna Dengel zamani ulimlewesha na adui yake mwaka 1542. Pombe ile ni moja, wala haiulizi mnywaji ni wa dini gani.

4. Wayna Daga

Katika mwezi wa Oktoba Galawdewos alifika kutoka kusini na watu wachache sana. Alimkuta mama yake mlimani, pamoja na Wareno waliosalia, nao walikuwa karibu mia mbili tu. Alipoambiwa habari za kifo cha Cristóvão, ambaye hawakuwahi kuonana, aliomboleza kama mtu aliyefiwa na ndugu. Wareno hawakuomba kurudi kwao. Walitengeneza baruti hapo hapo mlimani, wakaleta silaha walizokuwa wameziweka akiba, wakamwomba mfalme awaongoze.

Watu waliposikia kwamba mfalme yuko, walianza kumjia, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi. Miguel de Castanhoso, askari Mreno aliyekuwako na aliyeandika habari hizi, asema jeshi la mfalme lilifika watu elfu nane wa miguu na farasi mia tano, na jeshi la Imam lilikuwa karibu mara mbili ya hilo.

Walikutana Wayna Daga, upande wa mashariki wa ziwa Tana, mwezi wa Februari 1543. Wareno walikuwa wameazimia kumtafuta Imam mwenyewe kwa ajili ya bwana wao aliyeuawa. Katikati ya vita risasi ya Mreno mmoja ilimpata, akaanguka. Askari wake walipoona bendera zake zinashuka wakakimbia. Vita ya miaka kumi na minne, ambayo ilikuwa karibu kuufuta ufalme wote, iligeuka katika siku moja.

Kichwa cha Imam kikatiwa kwenye ncha ya mkuki, kikatembezwa katika majimbo, ili watu waamini kwamba amekufa. Nalitaja jambo hili bila kulisifu. Wasomaji walishike moyoni, maana litarudi mwisho wa habari yetu.

5. Wamama wawili

Siku ile ya Wayna Daga alikamatwa Muhammad, mwana wa Imam. Mamaye, Bati Del Wambara, aliponea chupuchupu, akafika Harar. Na Menas, mwana wa Sabla Wangel na ndugu wa mfalme, alikuwa bado kifungoni Yemen.

Ndipo wanawake wawili, kila mmoja mjane wa vita ile ile, kila mmoja na mwana katika mikono ya wengine, walipopelekeana wajumbe. Hawakupendana. Bati Del Wambara alikuwa amepoteza baba kwa jeshi la Wakristo, na sasa mume. Sabla Wangel alikuwa amepoteza mume na mwana wake wa kwanza. Lakini kila mmoja alijua ni nini maana ya kulala usiku bila kujua mtoto wako amekula au hakula. Wakapatana. Menas akarudi kwa mama yake, na Muhammad kwa wake. Galawdewos alikubali kumtoa mwana wa adui yake mkubwa, ingawa alijua kwamba mtoto wa simba hukua akawa simba.

Katika vita ile yote sijaona jambo lililofanywa kwa akili zaidi kuliko hili, nalo halikufanywa kwa bunduki.

6. Wale waliokana

Sasa yalimjia Galawdewos mashauri magumu kuliko vita. Mbele yake walisimama maelfu ya watu waliokuwa wamemkana Kristo. Wengine walikana kwa hofu tu, wengine kwa faida, wakapewa vyeo na Imam, wakapigana upande wake, wakachoma makanisa waliyobatizwa ndani yake. Na wale waliovumilia milimani, waliokula majani ya mwitu na kuzika watoto wao porini, walitazama waone mfalme atafanyaje.

Mfalme aliwasamehe walio wengi. Castanhoso aandika sababu moja wazi kabisa: kama angaliwaua wote waliostahili kuuawa, asingalibaki na mtu wa kumtawala. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini si yote. Kanisa la Uhabeshi lilikuwa na desturi yake ya kuwapokea waliorudi, kwa toba, kwa maombi na kwa kuoshwa kwa maji, nayo ilitumika sana siku zile. Walirudi kwa mlango wa toba, wala si kwa kupita kimya kama kwamba hakuna lililotokea.

Nafikiri walimu wetu wataelewa uzito wa jambo hili. Ni rahisi kumpokea aliyepotea ikiwa hakutudhuru sisi wenyewe. Ni vigumu kukaa kwenye benchi moja na mtu aliyeichoma nyumba yako. Yule ndugu mkubwa katika mfano wa Bwana hakuwa mwongo aliposema amefanya kazi miaka mingi bila kuasi, ila alisimama nje wakati karamu ilikuwa ndani. Uhabeshi ulikuwa na ndugu wakubwa wengi mwaka 1543, na mfalme alipaswa kuwaingiza wote nyumbani.

Na Waislamu waliokuwa raia wake, tarehe za ufalme wake zasema kwamba hakuwatendea kwa kisasi, bali aliwaacha wakae na kufanya biashara. Hata hivyo msomaji asimfanye malaika. Mwaka 1544 na 1545 alipigana tena na waziri Abbas, aliyeshika majimbo ya kusini mashariki kwa jina la Adal, akamwua. Na baadaye majeshi yake yaliingia nchi ya Adal na kuteka nyara huko.

7. Uovu uliokuwa nyumbani

Vita ilipokwisha, jambo moja la aibu lilionekana. Wakati wa Imam maelfu ya Wakristo walikuwa wameuzwa Arabuni na ng'ambo ya bahari. Wafalme na mapadri walililia jambo hilo, wakawalaumu Waislamu. Lakini Imam alipokwisha kufa, biashara ile haikukoma. Watu wa nchi wenyewe, Wakristo waliobatizwa, walikuwa wakiwakamata watu huru, Wakristo wenzao, na kuwauza kwa wafanya biashara waliowapeleka pwani.

Mwaka 1548 Galawdewos alitoa amri ya kukataza jambo hili, na adhabu yake ilikuwa kali, hata kifo. Amri hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Haikukomesha utumwa wote, maana wasio Wakristo waliendelea kutumikishwa katika nchi ile miaka mingi sana, na hilo ni pungufu kubwa. Lakini mfalme alikuwa na ujasiri wa kuona kwamba si kila adui anatoka nchi ya jirani. Mwenye kulaumu nyumba ya mwenzake na afagie kwanza ua wake.

8. Kalamu ya mfalme

Rafiki waliomwokoa nao walimletea taabu. Bermudes alidai kwamba yeye ndiye mkuu wa kanisa la Uhabeshi, na kwamba mfalme amtii Papa wa Roma, kwa kuwa Wareno wameokoa nchi yake. Galawdewos aliwashukuru Wareno, akawapa mashamba na heshima, lakini katika jambo hili hakukubali. Alipeleka watu Aleksandria, kama ilivyokuwa desturi ya kale, akaletewa askofu kutoka huko.

Mwaka 1555 alifika padre Mjesuiti, Gonçalo Rodrigues, akaandika kitabu cha kuonyesha makosa ya Wahabeshi. Akawashtaki kwamba wanafuata Uyahudi, kwa sababu huishika Jumamosi pamoja na Jumapili, hutahiri, na hawali nguruwe. Mfalme hakumtupa gerezani. Alichukua kalamu akajibu. Ungamo lake la imani, la mwezi wa Juni 1555, ni fupi. Kwanza aungama Mungu mmoja katika Utatu, na Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu, akasulubiwa, akafufuka, kama walivyofundisha Mitume na mababa wa Nikea. Kisha ajibu mashtaka matatu, moja baada ya jingine. Aeleza kwamba Wahabeshi hawaishiki Jumamosi kwa namna ya Wayahudi, bali humtolea Mungu sadaka ya Ushirika siku ile. Kutahiri ni desturi ya nchi tu, kama mataifa mengine wanavyochanja nyuso au kutoboa masikio, wala si njia ya wokovu. Na nyama ya nguruwe, asiyeila hahukumiwi, na aila hakatazwi.

Mtu wa miaka thelathini na mitatu, aliyelelewa katika kukimbia, alijua kutenga Injili na desturi, jambo ambalo wengi waliosoma kwa raha hawakulijua. Nasi katika makanisa yetu tumebishana sana juu ya mambo kama haya, ngoma, tohara na vyakula, kwa hiyo maneno ya mfalme huyu hayako mbali nasi.

Wasomaji wa Kilutheri watapenda kujua pia kwamba katika siku zile zile za vita, mwaka 1534, shemasi mmoja Mhabeshi, jina lake Mikaeli, alifika Wittenberg akazungumza na Martin Luther juu ya imani. Na katika karne ya kumi na saba ni Mlutheri Mjerumani, Hiob Ludolf, aliyefundishwa lugha ya Uhabeshi na mtawa Abba Gorgoryos, aliyelijulisha ungamo la Galawdewos kwa wataalamu wa Ulaya.

9. Fatagar

Huko Harar deni la damu lilikuwa halijafutwa. Bati Del Wambara, mjane wa Imam, aliolewa na Nur bin Mujahid, mpwa wa Imam, na yasimuliwa kwamba alikubali kuolewa ili alipiziwe kisasi. Nur alikuwa mtu wa dini na wa mashauri. Alijiandaa miaka mingi.

Mwaka 1559 Galawdewos alimtuma ndugu yake wa ukoo, Hamalmal, aende na jeshi Harar. Hamalmal aliuingia mji, na sultani Barakat, wa mwisho wa ukoo wake wa kale, akauawa. Lakini Nur hakuwako mjini. Alikuwa amepanda na jeshi lake katika nchi ya mfalme mwenyewe. Galawdewos, ambaye nguvu zake zilikuwa zimegawanyika, alitoka kumkabili huko Fatagar na watu wachache kuliko adui.

Ilikuwa wiki ya Mateso, tarehe 23 Machi 1559. Mfalme alipigwa risasi, akaendelea kupigana, kisha wapanda farasi wakamzunguka wakamwua kwa mikuki. Umri wake ulikuwa yapata miaka thelathini na saba. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Harar, kikawekwa mahali pa watu wote kukiona. Hivyo kile kilichotendwa baada ya Wayna Daga kilitendwa tena baada ya Fatagar. Mwili wake ulizikwa katika kanisa la Tedbaba Maryam.

Wahabeshi wenyewe husimulia juu ya Nur, adui yao, kwamba alipoingia Harar na ushindi ule hakupanda farasi wa vita, bali alipanda punda, akawaambia watu kwamba aliyeshinda ni Mungu, si yeye. Wakristo walioihifadhi habari hiyo walimpa adui heshima yake, na jambo hilo ni jema.

10. Mwisho wa hesabu

Je, nani alishinda? Galawdewos hakuacha mwana. Menas, aliyekombolewa kwa mapatano ya wale wamama wawili, ndiye aliyetawala baada yake mpaka 1563. Sabla Wangel aliishi mpaka 1567, baada ya kumzika mume na wana wake. Harar nako kulikuwa na majonzi. Watu wa Oromo walikuwa wakipanda kutoka kusini katika nchi zilizoachwa tupu na vita, na falme zote mbili hazikuwa na nguvu tena za kuwazuia. Katika miaka ya 1560 njaa na tauni ziliingia Harar, na Nur mwenyewe akafa kwa tauni. Yasemwa kwamba yeye ndiye aliyeujenga ukuta wa Harar, nao umesimama mpaka leo. Lakini ukuta ni kazi ya mtu anayeogopa, na Adal haukuwa tena ufalme wa kutisha mtu. Wapigana wawili walianguka pamoja, na uwanja ukachukuliwa na mtu wa tatu.

Basi, wapendwa, tukitafuta urithi wa Galawdewos hatuupati katika ushindi wa Wayna Daga, kwa kuwa ushindi ule ulidumu miaka kumi na sita tu. Tunaupata katika mambo madogo aliyoyafanya kati ya vita na vita: mlango wa toba uliofunguliwa kwa wale waliokana, mwana wa adui aliyerudishwa kwa mama yake, amri iliyowakemea watu wake mwenyewe, na kurasa chache za kuungama imani bila matusi. Hayo yalibaki. Uhabeshi bado una makanisa yake, na Harar bado ina misikiti yake, na watu wake hukutana sokoni kila siku.

Na sisi tuliowekwa katika vijiji ambamo sauti ya kengele na sauti ya adhana husikika pamoja, tunao jirani wa kuhesabiana nao makosa, tukitaka. Hesabu hiyo haina mwisho. Wamama wale wawili walikuwa na sababu ya kuhesabu kuliko sisi sote, nao walipelekeana wajumbe.